Kidonda cha chuki na kazi ya mzee wa mtaa

Huja mgonjwa kliniki akilalamika kuumwa na kichwa, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi. Damu ikipimwa, haina malaria wala homa ya matumbo. Ukimwuliza taratibu, ndipo hukwambia kwamba anayemletea maziwa ni kijana yule yule aliyesimama langoni pake na panga mwaka 2008.

Mpenzi msomaji, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Wakenya zaidi ya 1,100 waliuawa na malaki wakahama makwao, wengi kwa sababu ya kabila tu. Dawa ya usingizi naweza kukuandikia. Lakini mwili uliozoea kuviziwa hautulii mpaka uone kwamba jirani si hatari tena, na hilo haliko mikononi mwa daktari.

Tazama Wajir. Koo zilipokuwa zikiuana mwanzoni mwa miaka ya 1990, uhasama uliingia hata sokoni, mama wa ukoo mmoja asiweze kuuza wala kununua kwa mwenzake. Akina mama wachache, miongoni mwao Dekha Ibrahim Abdi, walianzia hapo hapo: wakalinda soko ili kila mama afanye biashara bila kusumbuliwa. Kisha wakawaendea wazee, na mwaka 1993 wazee wakatia sahihi Azimio la Al Fatah. Kinachonipendeza ni mpangilio wao: soko kwanza, sahihi baadaye. Wengi wetu huanza na sahihi, tena mbele ya kamera.

Kwa hivyo, uwe chifu, mwenyekiti wa mtaa, padre au imamu, nenda mapema kwa waliofiwa wa pande zote. Uvumi ukizuka, mtafute aliyeona kwa macho yake, kisha utangaze ukweli siku hiyo hiyo. Kiri waziwazi kwamba walioonewa walionewa. Kuwaambia watu wasahau kabla ya hapo ni kushona kidonda kingali na usaha. Wala usimlazimishe mtu kusimulia hadharani yaliyompata. Wengine hurudiwa na jinamizi usiku huo huo.

Anayeendelea kushtukashtuka na kukesha baada ya mwezi mmoja, mlete hospitali. Anayesema ni afadhali afe, usimwache peke yake, mlete leo.