Kuanza Kuendesha Baiskeli: Maumivu ya Kuvumilia na Maumivu ya Kutii

Katika mitaa na vijiji vya Njombe na Makambako, baiskeli humfikisha mwanafunzi shuleni, mkulima sokoni na mhudumu wa afya ngazi ya jamii kwenye kaya anazozihudumia. Hata hivyo, wapo wanaoiweka kando baada ya siku chache kwa sababu ya maumivu, na wapo wanaoyapuuza maumivu hadi wakaumia. Anayeanza hana budi kutambua maumivu ya mwili unaozoea kazi mpya na yale yanayoashiria kasoro.

Maumivu yanayopita

Misuli ya mapaja huuma kwa siku mbili au tatu baada ya safari za kwanza, kisha hutulia. Makalio nayo huuma katika wiki mbili za mwanzo, hadi yazoee kiti. Pumzi pia hupungua upesi. Mji wa Njombe uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko pwani. Mtumishi aliyehamia karibuni kutoka Tanga au Dar es Salaam asishangae akitweta kuliko wenyeji.

Tiba ya hali hizo ni kuongeza kazi kidogo kidogo. Mwendeshaji aanze na dakika 20 kwenye njia tambarare, siku tatu kwa wiki, akipumzika angalau siku moja katikati. Kila wiki aongeze dakika 5 kwa kila safari. Kufikia wiki ya saba atakuwa akiendesha dakika 50 kwa safari, yaani dakika 150 kwa wiki, kiwango cha chini cha mazoezi ya wastani ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima. Mwendo unaofaa ni ule unaomwezesha kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Baiskeli isiyo na gia ikimlemea mlimani, ashuke na kuikokota. Hilo si aibu, nalo ni zoezi.

Maumivu yanayoashiria kasoro

Goti likiuma upande wa mbele, mara nyingi kiti kimeshushwa mno. Likiuma upande wa nyuma, au nyonga zikiyumba, huenda kimepandishwa mno. Kipimo ni rahisi: mwendeshaji akae kitini, aweke kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unapaswa kunyooka bila nyonga kuinama upande. Akikanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjwa kidogo. Ganzi mikononi huonyesha kuwa uzito umeegemea usukani. Kiti kisiinamie mbele, na viwiko vilegezwe. Fundi baiskeli huweza kurekebisha kiti na usukani kwa spana katika muda mfupi.

Maumivu ya kifua, kizunguzungu, au pumzi isiyorejea baada ya kupumzika si mambo ya kuvumilia. Mwendeshaji asimame mara moja na kufika katika kituo cha huduma za afya kilicho karibu. Mwenye shinikizo la damu, pumu au ugonjwa wa moyo amwone mtaalamu wa afya kabla ya kuanza.

Baridi na barabara

Kati ya Juni na Agosti, asubuhi za Njombe huwa na baridi kali. Glavu huzuia vidole kufa ganzi na kushindwa kushika breki, na dakika 10 za mwanzo ziwe za mwendo wa taratibu. Makambako ni makutano ya barabara ya Songea na barabara kuu iendayo Zambia, yenye malori mengi. Anayeanza ajizoeze kwanza katika barabara za mitaa, ashike upande wa kushoto na kuweka kiakisi mwanga nyuma ya baiskeli.

Safari ya Njombe hadi Makambako, kilometa zipatazo 60, si ya wiki ya kwanza. Inaweza kusubiri hadi miguu izoee na kiti kiwe kimepimwa ipasavyo.