Rangi ya Mchele na Kipimo cha Mbolea

Watu wengi husifu mchele mweupe, na kudhani ya kuwa mchele mwekundu au mweusi ni chakula cha maskini. Sivyo. Twaa punje moja ya mpunga, uiambue kapi lake. Ndani utaona ngozi nyembamba sana iliyoshikamana na punje. Rangi imo katika ngozi hiyo. Mchele ukitwangwa mno, au ukikobolewa kwa mashine, ngozi hutoka ikawa pumba, na rangi huondoka pamoja nayo.

Thamani ya pumba ilijulikana katika kisiwa cha Java. Huko, katika karne ya 19, ugonjwa wa beriberi uliua watu wengi. Miguu ya mgonjwa hufa ganzi, na moyo hulegea. Daktari Mholanzi, Christiaan Eijkman, aliona kuku wake wakipepesuka kama wagonjwa wa beriberi. Kuku hao walikuwa wakila wali mweupe uliosalia katika jiko la hospitali ya askari. Kisha akaja mpishi mpya, akakataa wali wa askari usipewe kuku wa raia. Basi kuku wakalishwa mchele wenye ngozi yake, nao wakapona. Eijkman alifanya majaribio mengi, akaeleza habari zake mwaka 1897. Na mwaka 1929 alipewa tuzo ya Nobel. Leo twajua ya kuwa katika pumba mna vitamini B1, ambayo mwili hauwezi kukaa bila hiyo.

Mchele wenye rangi una kitu zaidi. Weusi wa mchele ulimwao China, Thailand na Indonesia hutokana na anthosayanini, ndiyo inayotia rangi tunda la zambarau na ganda la biringani. Vitu vya namna hii, vikipimwa katika maabara, huzuia uharibifu uletwao na oksijeni. Si dawa ya kuponya maradhi, lakini ni sehemu ya chakula chema.

Je, mbolea yaweza kuzidisha wema huo? Tufikiri jinsi mmea unavyoishi. Majani hutengeneza sukari kwa nguvu za jua. Kwa sukari hiyo mmea hujenga majani, mabua, punje, na rangi pia. Mbolea yenye naitrojeni huusaidia kukua. Ikikosekana, mmea hudhoofika na mavuno huwa haba. Lakini ikizidi, sukari nyingi hutumika kuotesha majani na mabua, na ile iliyobaki kwa kazi ya rangi yaweza kupungua. Mabua marefu nayo huanguka kabla ya kuvunwa, na ugonjwa wa ukungu huingia shambani upesi.

Tena, mipunga yote si sawa. Katika majaribio, mingine imezidi rangi ilipopewa mbolea kwa kiasi, na mingine imepunguza rangi mbolea ilipozidi. Kwa hiyo mkulima mwenye busara huijua mbegu yake na udongo wake, ndipo apime mbolea. Wahenga walisema, "Mwenye pupa hadiriki kula tamu."

Wala kazi haiishi shambani. Yafaa nini kuupimia mpunga mweusi mbolea kwa uangalifu, kisha kuikoboa ngozi yake yote na kuwatupia kuku pumba? Kuku watapata afya, na mwenye shamba atabaki na weupe wa sahani yake.

MASWALI

1. Rangi ya mchele imo wapi, nayo huondokaje?
2. Kuku wa Java waliugua kwa sababu gani, na walipona kwa nini?
3. Eleza madhara mawili ya kuzidisha mbolea katika shamba la mpunga.
4. Nyumbani kwenu pumba za mchele hutumiwaje? Je, huo ndio utumizi bora?