SOMO LA SHAMBA: MTUFAHA WA ULAYA KATIKA NCHI YA JOTO

Ndugu Wanachama,

Swali hili limetufikia zaidi ya mara moja: Je, mtufaha wa Ulaya waweza kuzaa uani kwetu? Wenye kuuliza wako tayari kutoa fedha kununua miche, na yuko aliyetaka kukata mikarafuu miwili mitatu apate nafasi. Basi yafaa tulielewe jambo lenyewe kabla ya kushika shoka.

Kwanza tusichanganye majina. Mtofaa wetu, wenye tunda jekundu la majimaji, ni ndugu wa mkarafuu. Asili yao ni nchi za joto na mvua. Mkarafuu ulitoka visiwa vya Maluku, ukafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, wala haukuona ugeni. Mtufaha wa Ulaya ni jamaa wa mwaridi, na kwao ni kwenye baridi.

Mti huo hulala wakati wa baridi. Macho yake ya maua hayafunguki mpaka yapate saa za kutosha za baridi, yaani chini ya nyuzi 7 za sentigredi au karibu yake. Mitufaha mingi hutaka saa 800 hadi 1,000. Ukizikosa hauamki sawasawa: majani huota nchani mwa matawi, kwingine hubaki patupu, na maua hutoka machache, tena kwa nyakati mbalimbali. Mwenyewe hudhani umekosa samadi, kumbe umekosa usingizi.

Wako wasemao, “Mbona Oman ni nchi ya joto, na fyulisi na mishmishi hupatikana Jabal Akhdhar?” Ni kweli, lakini vijiji vile viko mlimani, kiasi cha mita 2,000. Kadhalika mapea na plamu za Lushoto ni neema ya milima ya Usambara. Kwetu, mahali pa juu kabisa hapafiki mita 200.

Hata hivyo binadamu hakukosa hila. Iko mitufaha iliyochaguliwa kwa nchi za joto: Anna, iliyozalishwa Israel, na Dorsett Golden, iliyopatikana visiwa vya Bahama. Hiyo hutaka baridi kidogo sana kuliko mingine. Na huko Batu, Java, wakulima huvuna kisha hupukutisha majani yote kwa mkono. Mti haupati nafasi ya kulala usingizi mzito, huchanua tena, na huvunwa mara mbili kwa mwaka. Lakini Batu nayo iko juu, mita 700 na zaidi. Kwa hiyo kwetu hili ni jaribio, si ahadi.

Mwenye kutaka kujaribu na afuate haya:

1. Apande miti miwili tu, Anna na Dorsett Golden, karibu karibu, ipate kuchavushana.

2. Anunue miche ya kuungwa. Mbegu ya tufaha haitoi mti mfano wa mama yake.

3. Mche utokao nje ya kisiwa upite kwa wakaguzi wa mimea, usije ukatuletea maradhi.

4. Apande mahali pasipotuama maji ya masika.

5. Mti ukikomaa, apukutishe majani wakati wa kipupwe, na ayainamishe matawi yaelekee ubavuni.

Asiyetaka bahati nasibu apande mkomamanga au mtini, ambayo haidai baridi nyingi.

Ama mikarafuu, msiikate. Mche wa mkarafuu hungoja miaka sita hadi minane kabla ya kuzaa; aukataye leo kwa ajili ya mtufaha huenda akakosa karafuu na tufaha pia. Ua wa nyumba ndio mahali pa majaribio, na shamba ni mahali pa riziki ya watoto.

Wassalaam.

Katibu wa Chama