Je, Lililosahauliwa Hurudi?

Mzee mmoja wa Majengo, Pumwani, alinijia baada ya sala ya Alasiri akaniuliza: "Sheikh, jambo nililolisahau miaka thelathini laweza kunirudia?" Nikamjibu kuwa laweza. Ndipo akanieleza kuwa ameitwa mbele ya Kadhi kushuhudia deni la marehemu wawili. Yeye hakumbuki lolote, lakini warithi wa mdai wamemwonyesha karatasi yenye sahihi yake, na kila jioni humjia kumsimulia yalivyokuwa, hata sasa anaanza "kuyaona". Nikatambua kuwa nimejibu kwa haraka.

Kwamba lililosahauliwa laweza kurudi, hilo halina shaka. Katika Sura Yusuf twasoma habari za mfungwa aliyeachiliwa akamsahau Yusuf gerezani miaka kadhaa. Iliyomkumbusha ni ndoto ya mfalme, wala hapana aliyemtajia jina la Yusuf. Na imepokewa katika Bukhari kuwa Mtume (s.a.w.) alimsikia mtu akisoma Qur'ani usiku msikitini, akamwombea rehema kwa kuwa amemkumbusha aya. Mwanachuoni wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, naye aliandika mwaka 1885 kuwa alichokihifadhi kisha akakisahau, alipokihifadhi tena kilimchukua muda mchache zaidi. Basi palikuwa pamebaki kitu. Walimu wetu wa vyuoni wayajua haya bila ya kuambiwa na Mjerumani: mtoto aliyeiacha juzuu yake akirejea haanzi na alifu.

Lakini kukumbuka ni jambo moja, na kusimuliwa hata ukaamini ni jambo jingine. Mwaka 1995, huko Marekani, Elizabeth Loftus na mwenzake walichapisha habari za watu 24 waliosimuliwa kwamba utotoni walipotea katika jumba la maduka. Kisa hicho hakikuwa, ila kilitiwa kati ya visa vya kweli vilivyotoka kwa jamaa zao. Hata mahojiano ya mwisho, watu 6 walikishika kuwa ni chao. Nao hawakukusudia uwongo!

Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), amelieleza hili katika Minhaj: mtu akiiona karatasi yenye ushahidi wake, au hata wakija watu wawili kumthibitishia kuwa alishuhudia, hashuhudii mpaka akumbuke mwenyewe.

Huenda mtu akasema: mbona aya ya 282 ya Al-Baqara yataja mwanamke kumkumbusha mwenziwe? Naam, lakini amkumbushaye ni shahidi aliyekuwapo, si mrithi anayengojea fedha. Na mwenziwe naye sharti akumbuke, si aitikie tu.

Nikamwambia mzee awakataze wale warithi kumjia, na aseme alijualo. Siku ilipofika alisema: "Sahihi ni yangu, tukio silikumbuki." Huenda deni lilikuwa la kweli, na hilo lanisumbua. Warithi wale hawamwamkii tena.