LED na umeme wa ukutani: usiunganishe kabla ya kusoma haya

Balbu ya LED ukiifunga kwenye holda inawaka. Mkanda wa LED wa volti 12 ukiuunganisha moja kwa moja na umeme huohuo unaungua papo hapo. Zote ni LED. Tofauti ni kifaa kinachokaa kati ya taa na umeme.

Kwa nini LED haivumilii umeme wa nyumbani

Punje moja ya LED nyeupe huhitaji volti 3 hivi, na ile ndogo ya kawaida hutumia mkondo wa miliampea 20. Umeme wa majumbani ni volti 230 Tanzania na 240 Kenya, na kilele chake hupita volti 320. Isitoshe, hugeuka mwelekeo mara kwa mara, mizunguko 50 kwa sekunde, ilhali LED hupitisha mkondo upande mmoja tu. Umeme ukija kinyume, nyingi hazivumilii zaidi ya volti 5.

Rezista peke yake haisaidii sana. Kubakisha miliampea 20 kutoka volti 230 kunapoteza zaidi ya wati 4 kwa joto, wakati punje yenyewe inatumia wati 0.06.

Ndiyo maana baadhi ya balbu za bei nafuu hutumia kapasita. Kapasita ya mikrofaradi 0.33 hupitisha miliampea 24 hivi bila kupata joto jingi, kisha diodi nne huunyoosha mkondo. Ubaya wake ni kwamba hakuna transfoma inayotenganisha saketi na umeme wa ukutani: kila sehemu, hata miguu ya LED, inaweza kukurusha. Kapasita nayo huweza kubaki na chaji baada ya kuzimwa. Saketi hiyo ni ya kufungiwa ndani ya plastiki, si ya kujaribia mezani.

Fanya hivi

1. Soma maandishi. "AC 220–240V" ni ya umeme wa nyumbani. "DC 12V" inahitaji adapta.

2. Chagua adapta yenye nguvu ya ziada. Mkanda wa wati 10 kwa mita, ukiwa mita 5, ni wati 50. Nunua adapta ya volti 12, ampea 5, yaani wati 60.

3. Mkanda wa volti 230 utumie plagi iliyouzwa nao, kwani ndani yake mna diodi. Kata penye alama tu, plagi ikiwa imechomolewa, na usiuwashe ukiwa umeviringwa. Hupata joto kupita kiasi.

4. Kabla ya kugusa waya, zima swichi kuu, kisha hakikisha kwa tester. Katika nyumba za zamani waya wa moto ni mwekundu na nyutro ni mweusi. Katika mpya, moto ni wa kahawia na nyutro ni bluu.

5. Swichi ikate waya wa moto. Taa ya LED inayobaki na mwanga hafifu baada ya kuzimwa huweza kuashiria kwamba swichi imekata nyutro, hivyo holda bado ina umeme.

Kazi ya nyaya za ukutani mwachie fundi mwenye leseni ya mamlaka ya nishati: EWURA kwa Tanzania, au EPRA kwa Kenya. Balbu iliyopasuka au kufunguka kifuniko usiirudishe kwenye holda. Itupe, ununue nyingine.