SOMO LA MWEZI: BAISKELI IKITENGENEZWA NDANI YA NYUMBA, NANI ANASAFISHA?



Hebu tuanze na swali. Nyumbani kwako baiskeli inatengenezewa wapi? Nimeuliza swali hili katika mikutano ya vikundi hapa Masii, na karibu kila mara wazee wanatazamana na akina mama wanaanza kucheka. Jibu linajulikana. Inatengenezewa ndani, pale pale watoto wanapokula na kulala.

Siwalaumu. Sababu zipo. Baba anarudi jioni na nje ni giza. Mwezi wa Novemba mvua inanyesha. Goroli ikianguka kwenye mchanga haionekani tena. Tena baiskeli ikiachwa nje imefunguliwa magurudumu, asubuhi huenda usiikute. Ni kweli siku hizi pikipiki zimejaa barabara ya Machakos na Wamunyu, lakini baiskeli bado inabeba mitungi ya maji, magunia ya mahindi na watoto wa shule. Lazima itengenezwe.

Basi shida si kazi yenyewe. Shida ni kile kinachobaki kazi ikiisha.

JAMBO NILILOLIONA

Miaka kadhaa iliyopita nilifika boma moja asubuhi nikakuta mama amembeba mtoto wa miaka miwili, anakohoa bila kupumzika. Usiku uliopita baba alikuwa ameosha friwili ya baiskeli kwa mafuta ya taa. Yaliyobaki akayatia ndani ya chupa ya soda, akaiweka chini ya meza. Mtoto alipoamka na kiu aliona chupa anayoijua. Angejuaje?

Jirani alikuwa ameshaleta maziwa, anasema, "Mpe anywe atapike." Nilimwomba asimpe. Tulimpeleka hospitali haraka, akalazwa siku nne, akapona. Wengine hawana bahati hiyo. Tangu siku hiyo sichukulii uchafu wa baiskeli kama jambo la kuchekesha tu.

KWA NINI UCHAFU HUU NI TOFAUTI

Tope likikauka unalifagia. Oili na grisi hazikauki. Zinaingia ndani ya simiti, ndani ya nguo, na ndani ya ngozi. Oili iliyotumika katika injini, ambayo wengi wetu hupaka cheni kwa sababu ni ya bure, ina vipande vidogo vidogo vya chuma na masizi. Kukaa nayo mikononi kila mara kunaharibu ngozi.

Pia mnajua mafuta na maji hayapatani. Ukimwaga maji juu ya oili, oili inaelea na kutembea. Doa la ukubwa wa kikombe linakuwa la ukubwa wa karai. Sasa umechafua zaidi, na tena umemaliza maji.

Hapa kwetu hilo la maji ni jambo kubwa. Mtungi mmoja wa lita 20 una uzito wa kilo 20, na kuna mtu aliyeubeba. Kwa kawaida ni mama au msichana. Baba akimwaga oili kwa dakika moja, mtu mwingine analipa kwa mgongo wake. Hebu tulifikirie hilo.

KANUNI YA KWANZA: KAVU KWANZA, MAJI BAADAYE

Kanuni hii mfundishe kila mtu nyumbani. Kabla ya kugusa maji, nyonya mafuta kwa kitu kikavu. Vitu vya kunyonya tunavyo: jivu lililopoa kabisa, udongo mkavu uliochekechwa, au vumbi la mbao. Wachongaji wa Wamunyu wanalo vumbi hilo kwa wingi, na kwa maseremala pia utalipata. Kikundi kinaweza kuweka gunia moja kwa matumizi ya wanachama wote.

Sakafu ya simiti. Mwaga jivu au vumbi la mbao juu ya doa, likanyage kidogo, uliache usiku mzima. Asubuhi fagia. Kisha changanya sabuni ya unga na maji moto kidogo mpaka iwe kama uji mzito, paka juu ya doa, ngoja robo saa, sugua kwa brashi ngumu. Pangusa kwa kitambaa. Doa la zamani litataka kurudiwa mara mbili au tatu. Maji yote uliyotumia hayapiti nusu karai.

Sakafu ya udongo. Usioshe. Chimba ule udongo ulioshika oili, hata kama ni kina cha vidole viwili. Weka udongo mpya, shindilia, halafu paka tena kama kawaida yako.

Nguo na leso. Kwangua grisi kwa mgongo wa kisu. Nyunyizia unga au vumbi la chaki, uache linyonye, kisha likung'ute. Sugua sabuni ya kipande moja kwa moja juu ya doa kabla ya kulowesha. Ngoja nusu saa ndipo ufue kwa maji ya vuguvugu. Usipige pasi kabla doa halijatoka, kwa sababu joto linalipikia doa ndani ya kitambaa. Nguo hizo zifuliwe peke yake, zisichanganywe na nepi za mtoto.

Mikono. Wengi wananawa kwa petroli au mafuta ya taa. Acheni. Yanakausha ngozi na kuipasua. Chukua mafuta ya kupikia kiasi cha kijiko kidogo na sukari kidogo, sugua mikono yote mpaka grisi ilegee, pangusa kwa tambara, ndipo unawe kwa sabuni. Sabuni inashika mafuta upande mmoja na maji upande mwingine, ndiyo maana inayaondoa yote pamoja.

Tope la njiani. Likiwa bichi usiliguse. Liache likauke kwenye baiskeli, uligonge na kulipiga brashi ukiwa nje.

Gundi ya viraka, ile tunayoiita sulusheni. Ikidondoka sakafuni iache ikauke, kisha iviringishe kwa kidole, itatoka. Lakini mvuke wake unashika moto, na ukivutwa unadhuru kichwa cha mtoto. Fungua dirisha, zima jiko na koroboi, na kifuniko kirudishwe mara moja.

Nafaka. Oili au mafuta ya taa yakimwagikia gunia la mahindi, toa ile sehemu iliyoguswa na iliyo karibu nayo. Usiseme utaiosha upike muthokoi. Haioshwi ikatoka. Inauma kutupa chakula, najua, lakini usile, na kuku wasipewe.

VITU VIDOGO VYENYE HATARI KUBWA

Goroli za habu na za pedeli ni ndogo, zinang'aa, na mtoto anayetambaa ataziweka mdomoni. Anaweza kunyongwa nazo. Zihesabu kabla ya kufungua na baada ya kufunga. Vipande vya spoku na waya vinachoma miguu, na kidonda cha namna hiyo kinaweza kuleta pepopunda. Vikifagiliwa hadi kwenye majani, ng'ombe huvimeza na vinamdhuru tumboni.

Njia rahisi ni hii: toa sumaku kwenye spika ya redio iliyokufa, ifunge kwa kitambaa chepesi, uipitishe sakafuni pote. Kila chuma kitashika. Ukikunjua kitambaa juu ya mkebe, vyote vinaanguka ndani.

UCHAFU UNATUPWA WAPI?

Watu wengi hufungua mlango na kumwaga nje. Sisi watu wa Machakos tunajulikana kwa matuta ya fanya juu. Kazi ya tuta ni kushika maji na udongo visiende. Ukimwaga oili juu ya tuta, tuta litaishika pia, na shamba lako ndilo litakalokula. Ukiimwaga kwenye mtaro, mvua itaipeleka mtoni, mahali tunapochimba mchanga kuchota maji. Mchanga unachuja tope. Msiutegemee kuchuja mafuta.

Basi oili chafu iwekwe katika mkebe wenye kifuniko. Ukijaa, upelekwe kwa fundi wa gari ambaye tayari hukusanya oili yake. Matambara na lile jivu lenye oili viwekwe katika debe kuukuu lenye kifuniko, mbali na jiko. Karatasi za plastiki za kubebea zilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, kwa hiyo debe ndilo jibu. Tyubu kuukuu isichomwe, moshi wake ni mbaya kwa kifua. Ikate mishipi ya kufungia mizigo kwenye keria.

MTOTO AKINYWA MAFUTA YA TAA AU PETROLI

Nyumba nyingi siku hizi zina taa ya sola, na tangu kodi iliyowekwa mwaka 2018 mafuta ya taa si rahisi kama zamani. Lakini chupa moja bado ipo, ile ya baiskeli. Kwa hiyo kila mwanachama akariri haya:

1. Usimtapishe. Mafuta yakipanda tena yanaingia kwenye mapafu, na huko ndiko yanakoua.
2. Usimpe maziwa, mafuta ya kupikia wala dawa ya kienyeji.
3. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni na maji.
4. Mpeleke kituo cha afya mara moja, hata kama anaonekana mzima. Kukohoa, kupumua haraka na homa vinaweza kuja saa kadhaa baadaye.
5. Nenda na ile chupa, wahudumu wajue alichokunywa.

KINGA NI BORA KULIKO TIBA

Kazi ya kusafisha inapungua sana tukifanya mambo manne. La kwanza, tandika gunia la zamani, na juu yake boksi lililokunjuliwa, kabla ya kupindua baiskeli. La pili, weka sehemu ndogo ndogo ndani ya sufuria kuukuu ambayo haitarudi jikoni kamwe. La tatu, tumia oili safi na kidogo: tone moja kwa kila kiungo cha cheni, zungusha pedeli, kisha pangusa ya juu yote. Cheni inayodondoka oili haijapakwa vizuri. Inashika vumbi la barabara na kujisaga yenyewe, na ukutani inaacha alama. La nne, mafuta ya taa yasitiwe kamwe katika chupa ya soda wala ya maji. Yawe katika mkebe wenye alama, kwa urefu ambao mtoto hafiki, na mlango ufungwe.

La tano ni la mioyo yetu. Aliyefungua spana ndiye afagie. Katika kikundi kimoja wazee walikubaliana hivyo mbele ya wake zao. Mama mmoja aliniambia baadaye, "Dada, siku hizi ananiuliza jivu liko wapi." Nilifurahi. Mtu aliyefagia goroli zake mwenyewe atatandika gunia siku nyingine bila kuambiwa.

Vile vile mwaweza kufanya kwa mwethya: kikundi kijenge kibanda kidogo cha mabati, chenye gogo la kuning'inizia baiskeli, gunia la vumbi la mbao na debe la oili chafu. Wiki moja inatosha, na nyumba zote zinapumzika.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika nyumba zetu mafuta ya taa na petroli huwekwa ndani ya chombo gani? Kila mtu aende leo akaangalie, atuambie mkutano ujao.
2. Nani husafisha baada ya baiskeli kutengenezwa? Je, ni haki?
3. Oili chafu ya kijiji chetu inaishia wapi mvua ikinyesha?
4. Usiku mtoto akinywa mafuta, ni nani mwenye chombo cha kumfikisha hospitali, na nambari yake ya simu tunayo?

Swali la nne lisiachwe bila jibu. Mwandishi wa kikundi aandike jina na nambari kitabuni kabla hamjafunga mkutano.