Kulegeza Nyuzi za Gitaa katika Somo la Muziki

Katika somo moja la muziki tulimrudisha mtoto mahali pake kwa sababu vidole vyake havikuweza kubana nyuzi za gitaa. Baadaye tulitambua kwamba kosa halikuwa la vidole vyake. Lilikuwa letu sisi tulioamini kuwa gitaa lina mpangilio mmoja tu wa sauti.

Mpangilio wa kawaida, kuanzia uzi mnene wa sita hadi mwembamba wa kwanza, ni E, A, D, G, B, E. Ili kusindikiza wimbo, mpigaji hana budi kubana nyuzi kadhaa kwa pamoja. Wenyeji wa Hawaii, ambako wachunga ng'ombe kutoka Mexico walipeleka magitaa katika miaka ya 1830, walizoea kulegeza baadhi ya nyuzi. Mpangilio wao mmoja maarufu, ambao jina lake lina maana ya shamba la magimbi, ni D, G, D, G, B, D. Mwalimu ataupata hivi:

1. Alegeze uzi wa sita mpaka ulingane na wa nne, oktava moja chini yake.
2. Alegeze uzi wa tano mpaka ulingane na wa tatu, oktava moja chini yake.
3. Alegeze uzi wa kwanza mpaka ulingane na wa nne, oktava moja juu yake.

Nyuzi zikipigwa bila kubanwa hutoa so, do, so, do, mi, so. Kidole kimoja kikilazwa juu ya nyuzi zote katika nafasi ya tano, hupatikana mwafaka wa fa. Katika nafasi ya saba, mwafaka wa so. Nyimbo nyingi za watoto hazihitaji zaidi ya hiyo mitatu. Mkono wa mtoto ukiwa mdogo, mwalimu abane, mtoto apige.

Hata hivyo, kila faida ina gharama yake. Uzi uliolegezwa hukwaruza ukipigwa kwa nguvu. Mikao ya vidole iliyozoeleka hubadilika katika nyuzi hizo tatu, na nyimbo za mwafaka mdogo huwa ngumu zaidi. Kwa hiyo anayeendelea afundishwe pia mpangilio wa kawaida.

Zoezi: Chagua wimbo mmoja wa darasa la pili. Onyesha juu ya maneno mahali pa do, fa na so, kisha andaa somo ambalo kila mtoto atapata zamu ya kupiga.